Kikombe cha Nyoka

Jumatatu kijana wa kaunta aliniuliza jina.
Nikasema, Nyaboke.
Mashine ilikuwa inakoroma, maziwa yakipiga yowe kwenye mvuke,
naye akaandika kwa kalamu nene, bila kuinua macho:
NYOKA.

Shilingi mia tatu hamsini
nimelipa ili niitwe nyoka saa moja na nusu asubuhi,
Mtaa wa Kimathi, mbele za watu.
"Nyoka! Kahawa ya Nyoka!"
Wakageuka wote. Nikainuka.

Sina ugomvi na kahawa.
Kahawa imetoka kwetu Kisii, migongoni mwa shangazi zangu,
ambao hawajawahi kuinunua kwa bei hiyo,
wala kuiuza.
Ugomvi wangu ni na hiki kikaratasi
kinachojifanya chombo.

Kinaunguza vidole, basi kinavalishwa koti la boksi.
Koti linateleza, basi unaongezewa kikombe cha pili,
soksi mbili mguu mmoja.
Sukari imelala chini, kijiti cha kukorogea hakiifikii,
kinabaki kuelea na kuitia kahawa ladha ya karakana.
Na kifuniko!
Ukikibana upande huu, ule unafunguka.
Kimepewa kijimdomo kimoja, halali,
lakini kahawa huchungulia pale penye mshono,
ikangoja,
ikangoja nivae blauzi nyeupe,
ikangoja siku ya mkutano wa bajeti,
halafu tone.
Moja tu. Moja latosha.

Ofisini, ghorofa ya tisa, kuna mapipa matatu:
la buluu, la kijani, jeusi.
Nilisimama na kikombe mkononi
kama mtu aliyesahau mlango wa kwake.
Ni karatasi? Ndani kimepakwa plastiki.
Ni plastiki? Nje ni karatasi.
Na theluthi ya kahawa bado imo, imepoa, maji ya kudekia.
Nikachagua la kijani, kwa dhamiri safi.
Jioni Bwana Mulwa akaja na gunia lake moja,
akamimina la buluu,
akamimina la kijani,
akamimina jeusi,
humo humo,
akapiga fundo, akaniambia, "Usiku mwema, dada."

Nikanunua kikombe cha chuma, elfu mbili na mia tatu.
Jumatano nikakifikisha kaunta kama anayepeleka mahari.
Kijana akakipokea kwa mikono miwili.
Akachukua kikombe cha karatasi, akatia kahawa humo,
akaimimina kwenye changu,
akakifinyanga kile cha karatasi, akakitupa.
"Tunapimia nacho," akasema.
Nikanyamaza. Kimya changu kilikuwa na povu.

Alhamisi ikanyesha, ile mvua ya Nairobi isiyopiga hodi.
Mtaro wa Haile Selassie ukaziba, ukafurika,
barabara ikawa kahawa ya maziwa,
ya bure, kwa mji mzima.
Nimesimama ukingoni, viatu mkononi,
pamoja na Kanini muuza miavuli.
Vikaja.
Vifuniko vilitangulia, vyeupe, vimebana kweli kweli,
sasa ndiyo havivuji.
Kisha vikombe, ubavu ubavu, vikigongana,
na kimoja kati yao kikasimama wima,
kikazunguka polepole mbele ya miguu yangu,
kikanipa mgongo, kikanipa uso:
NYOKA.
Wino haukuchuja hata kidogo.

"Huyu Nyoka ni nani, anatuzibia mtaro?"
Kanini akauliza, akicheka.
Nikasema simjui.
Na kweli, si jina langu hilo.
Nikakisukuma kwa kidole cha mguu
kiteremke na wenzake, kiende mtoni, kwa watu wa chini.

Kikaenda hatua mbili.
Kikarudi.